Mwenye Neno Aseme

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Naipenda methali hii, lakini ina sharti ambalo halitamkwi: hao wengi wawe wanasema. Wengi wakinyamaza, anabaki mtu mmoja tu, na mara nyingi huyo mmoja ni bosi.

Chukua usiku wa tarehe 27 Januari 1986. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa kwenye kikao cha simu na Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kurushia chombo cha Challenger. Wahandisi wa kampuni hiyo, akiwemo Roger Boisjoly, walishauri kesho yake chombo kisirushwe. Baridi ilikuwa kali, na mipira inayoziba viungo vya roketi ikipoa hukakamaa, gesi ya moto ikapata njia. NASA hawakufurahi. Kampuni ikaomba muda wa kujadiliana pembeni. Huko wahandisi walirudia hoja zao, lakini mkuu wao akaambiwa avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Walioamua mwishowe ni mameneja wanne tu. Kampuni ikarudi kwenye simu na jibu jipya: rusheni. Ikaulizwa kama kuna mwenye neno. Kimya.

Asubuhi, sekunde 73 baada ya kuruka, Challenger ilisambaratika angani. Watu 7 walikufa, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe.

Kwani wahandisi hawakubisha? Walibisha sana. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema inatosha kuwapa wafanyakazi "uhuru wa kutoa maoni". Maoni yalitolewa. Kilichokosekana ni uzito wake: ulipofika wakati wa kuamua, waliopinga waliwekwa kando, na kimya chao kikahesabiwa kuwa ridhaa.

Najua ubishi unachosha. Kwenye chumba cha habari, ukurasa ukikaribia kwenda mitamboni, anayeuliza "hii tumeithibitisha?" huonekana mkorofi. Na kweli wapo wakorofi, wanaobisha ili waonekane. Tofauti si ngumu kuiona: ugomvi humwandama mtu, ubishi wenye afya huliandama jambo, na jambo likishapata jibu, watu hunywa chai pamoja.

Lakini tusimtwike anayebisha mzigo wote. Kumwambia mtu mdogo kazini "kuwa jasiri" wakati mkataba wake unaisha mwezi ujao ni rahisi mno. Wajibu wa kwanza ni wa mwenye kiti: asimwache aliyepinga nje ya mlango wakati wa kuamua, na asiende mbele mpaka hoja yake ijibiwe kwa hoja, si kwa cheo.

Wewe je? Kazini kwenu, mara ya mwisho mtu kusema "sikubaliani" ilikuwa lini, na baada ya hapo kilimpata nini?