Punda Hasimami Bure

Nilikuwa na miaka 12 mjomba aliponikabidhi punda wake wakati wa likizo. Vichochoro vya Lamu havina nafasi ya gari. Mchanga, saruji, mawe ya matumbawe na kifusi, vyote hupita juu ya mgongo wa punda au begani mwa hamali. Kazi yangu ilikuwa kushusha kifusi cha nyumba iliyokuwa ikikarabatiwa huko juu mtaani mpaka ufuoni, kisha kurudi na mchanga uliopakuliwa jahazini.

Palikuwa na ngazi tatu mahali kichochoro kinapoinamia pwani. Kila tulipozifikia tukiwa na kifusi, punda alisimama. Alikaza miguu, akainamisha kichwa, akalaza masikio nyuma, hasogei. Nikamvuta kamba, nikamsukuma, mwisho nikamchapa henzirani. Wapita njia walinitia moyo: "Mpige huyo, mbishi!" Siku ya tatu mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani akaniita. Nilipomwamkia akaniuliza, "Mwanangu, husimama hapa tu, au na kwingine?" Nikafikiri kidogo. "Hapa tu, babu." "Na mkipanda na mchanga?" "Tukipanda hasimami." "Basi mtue mzigo."

Tulipoinua shogi tulikuta kidonda kipana kama kiganja changu, juu ya mabega, penye mwanzo wa shingo. Tukipanda, mzigo ulivutwa nyuma na kidonda kikapata nafuu. Tukishuka ngazi, uliteleza mbele ukakaa juu yake. Siku tatu nzima punda alikuwa akinionyesha mahali panapomuuma, nami nikamjibu kwa fimbo.

Mjomba hakuwa katili. Alikuwa mtu wa kumpa punda wake majani na maji kabla yeye mwenyewe hajaketi kula, na alipokiona kile kidonda machozi yalimlenga. Hakujua, basi. Hakuwa amezoea kuinua shogi kutazama chini yake, wala hakuna aliyemfundisha kwamba punda akisimama ana habari ya kutoa. Miaka mingi imepita, na ile "mpige huyo, mbishi" bado naisikia karibu kila nipitapo mahali penye punda, kuanzia forodha za Lamu hadi njia za maji za Dodoma. Ndiyo maana nimeamua juma hili nizungumze nawe, msomaji wangu, hasa wewe uliyefunga kamba shingoni mwa kiumbe yeyote.

Punda ni mnyama wa Afrika hii yetu. Jamaa zake wachache wa porini wangalipo katika nchi kavu za Eritrea na Ethiopia, na watafiti wa vinasaba waliotoa matokeo yao mwaka 2022 wanaonyesha kuwa alifugwa hapahapa barani yapata miaka 7,000 iliyopita. Huko alikotoka majani ni haba, maji ni mbali, na ardhi ni ya mawe na magenge. Farasi, mnyama wa nyika pana, akishtuka hutimka kwanza akafikiri baadaye. Punda akitimka ovyo juu ya mawe atavunjika mguu, kwa hiyo akiona asichokielewa husimama. Hutazama, husikiliza, hupima. Akiridhika, huendelea. Huo ndio ubishi wake, na ndio uliomfikisha kwako akiwa mzima. Kumchapa wakati anapima ni kumwongezea hofu ya pili juu ya ile ya kwanza, na sasa hofu hiyo ya pili ni wewe.

Lugha yetu nayo imemhukumu vibaya. Tunasema asante ya punda ni mateke. Nimeitafakari sana methali hii, maana ina ukweli uliosomwa kinyume. Macho ya punda yako pembeni mwa kichwa, naye huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, na adui zake porini walimjia kwa nyuma. Mtu akimpelekea majani akitokea upande huo, kimya kimya, bila hata kumsemesha, punda hajui kwamba yaliyokuja ni majani. Hurusha teke kwa kuokoa roho yake. Pita mbele yake, mwite, mguse bega kwanza, uone kama utapata teke. Nyingine, ile ya punda afe mzigo ufike, sina la kuitetea. Natamani watoto wetu wasifundishwe kuitumia kama sifa ya bidii.

Kubwa kuliko yote, punda huficha maumivu. Mnyama wa kuwindwa akionyesha udhaifu, yeye ndiye huanza kuliwa, na tabia hiyo haikuondoka kwa kufugwa. Kwa hiyo punda aliyenyong'onyea, aliyeacha kula, aliyejitenga na wenzake, hakuanza kuumwa leo. Na kwake kuacha kula ni hatari ya peke yake: mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu, ini likazidiwa, na siku chache tu zaweza kutosha kumuua. Anaweza kuacha kula hata kwa huzuni. Punda hushikamana na mwenzake mmoja, wakala pamoja, wakasimama wakigusana. Ukimuuza mmoja, au akifa, aliyebaki huweza kukataa chakula. Wanaowahudumia kwa ujuzi hushauri kwamba mmoja akifa, mwenzake aachwe karibu na mzoga kwa muda, aunuse, ajue kwamba hayupo tena. Waliosikia haya kwangu wengine waliguna. Mimi naona ni adabu tu.

Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku biashara ya ngozi za punda, iliyokuwa ikiwamaliza. Nililishukuru hilo kwa moyo wote. Lakini hakuna mkutano wa wakuu utakaoinua shogi kutazama mgongo. Hiyo ni kazi ya mwenye punda.

Wakristo wanayo habari ya Balaamu katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22. Punda wake alimwona malaika mwenye upanga njiani, Balaamu asimwone. Punda akakengeuka kondeni, akachapwa. Akajibana ukutani, akachapwa. Mwisho akalala chini, akachapwa mara ya tatu. Alipojaliwa kusema hakujitetea kwa maneno mengi. Alimuuliza bwana wake kama imewahi kuwa desturi yake kumfanyia hivyo, tangu aanze kumpanda hadi siku ile. Balaamu akakiri kwamba hapana. Wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya ajabu ya punda kusema. Mimi hukaa zaidi kwenye lile swali, maana kila mnyama wa nyumbani angelipewa ulimi angetuuliza hilohilo: je, hivi ndivyo nilivyo siku zote? Asiyejua desturi ya mnyama wake hana la kumjibu.

Na jibu hilo huweza kuokoa maisha ya mtu. Tuje kwa mbwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua, na karibu wote wanaokipata hukipata kwa kuumwa na mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili ya mapema kwa mbwa mara nyingi ni kubadilika. Mpole akawa mkali, au mkali wa siku zote akawa mpole kupita kiasi. Akatangatanga, akatokwa na mate, akashindwa kumeza. Nani atakayeona kwamba amebadilika, ikiwa hakuna aliyekuwa akimtazama alipokuwa mzima? Akikuuma mbwa wa namna hiyo, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe chanjo. Usingoje kuona mbwa atakuwaje. Na wa kwako mchanje kila mwaka.

Lakini wanaoumwa na mbwa wazima nao ni wengi, na hapo sisi wazazi tuna lawama. Mbwa hatoi meno ghafla, ila hatujui kumsoma. Hulamba midomo ilhali hakuna chakula. Hupiga miayo ilhali hana usingizi. Hugeuza uso kando, weupe wa jicho ukaonekana, mwili ukakakamaa. Mkia nao hutudanganya, kwani mbwa mwenye mwili mgumu aliyeusimamisha mkia wima akiutikisa kwa kasi hafurahi hata kidogo. Mtoto hazioni dalili hizi. Anamkumbatia shingoni kama anavyomkumbatia nyanya yake, na kwa mbwa kubanwa shingo si mapenzi. Akiguna, wengi wetu humpiga. Nakusihi usimpige kwa kuguna. Kuguna ni onyo, na mbwa aliyefundishwa kwa fimbo kunyamaza huja kuuma bila onyo.

Tazama pia namna tunavyomfuga mijini. Mnyama aliyeogopa ana njia mbili, akimbie au apigane. Mbwa wa mnyororo, afungwaye mchana kutwa nyuma ya nyumba juu ya saruji ya moto, ameondolewa njia ya kwanza. Amebaki na meno. Kisha tunasema ana roho mbaya.

Najua wapo Waislamu wenzangu watakaosema mbwa hatuhusu. Unajisi wa mate yake ni suala la twahara na halina uhusiano na huruma. Sote tumesimuliwa tangu chuoni habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Na tumesimuliwa ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Katika habari hiyo ya pili kuna neno ambalo nililipita miaka mingi bila kulitia akilini. Kosa lake halikuishia kwenye kutomlisha. Alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Huyo paka alikuwa na ujuzi wake, pua yake, makucha yake, njia zake za usiku. Angeachiwa angeishi. Aliyemfunga aliichukua kazi ya paka mikononi mwake, kisha hakuifanya.

Hapo ndipo ninapolisimamisha neno langu la leo. Ukimfunga mnyama, kila alichokuwa akijifanyia mwenyewe kimekuwa deni lako. Alikuwa akitafuta kivuli, sasa mtafutie. Alikuwa akikimbia hofu, sasa mwondolee. Na deni hili huwezi kulilipa usipojua alikuwa akijifanyia nini, kwa hiyo kumjua ni sehemu ya kumlisha.

Kuku wa kufungiwa bandani hutaka vumbi. Anapojichimbia shimo akajigaragaza anaoga, anaondoa utitiri na mafuta ya zamani manyoyani. Sakafu ikiwa ya saruji tupu, mwekee beseni la mchanga mkavu na majivu. Mtetea anayekaribia kutaga huhangaika akitafuta mahali pa faragha penye giza kidogo. Mpe kiota, usimfukuze kwa ufagio. Mbuzi aliyefungwa peke yake kwenye kigingi hulia kutwa kwa kuwa ameumbwa kuishi kundini, nawe unadhani ni njaa. Paka naye hukoroma anapostareheka, lakini pia hukoroma anapoumwa, kwa hiyo mkoromo peke yake usikutulize ukiona hali chakula.

Ng'ombe wa maziwa nina la kumwombea zaidi, hasa wale wa ndani, wanaokatiwa majani katika vijiji vyenye ardhi finyu. Mkamuaji akiingia bandani kwa kelele na bakora, maziwa hayashuki, naye husema ng'ombe anazuia kwa kusudi. Ng'ombe hana kusudi hilo. Maziwa hushushwa na homoni ya oksitosini, inayoamshwa na kuguswa kiwele kwa upole, na kwa mazoea: saa ileile, mkono uleule, sauti ileile. Hofu huleta adrenalini, nayo huizuia ile ya kwanza isifanye kazi. Aliyepiga ameyafungia maziwa yake mwenyewe. Tena ng'ombe hutaka kulala chini saa 10 hadi 12 kwa siku, akicheua. Banda lililojaa tope humlazimu kusimama usiku kucha, na asubuhi mwenye banda hushangaa ndoo haijajaa.

Vijana wanaokodishwa kuwaendesha punda hawana wakati wa kusoma safu za magazeti, nalijua hilo. Wanalipwa kwa safari, na anayesimama kuchunguza mgongo wa punda anapoteza safari moja. Ndiyo maana neno langu nalielekeza kwako, mwenye punda, unayehesabu fedha jioni. Usimwulize kijana amepiga safari ngapi kabla hujamuuliza punda alisimama wapi.

Na leo jioni mvue mwenyewe shogi. Pitisha kiganja kuanzia shingoni, juu ya mabega, ukifuata uti wa mgongo hadi mkiani, polepole, huku ukimsemesha. Akishtuka mahali, kesho asibebe.