Chini ya Mlima Ndiko Maji Yanakokwenda

Mpango huu mara nyingi huanzia Ulaya. Pasaka inapokaribia, ndugu aliyeko Brussels au Liège anaandika kwenye kundi la WhatsApp la familia kwamba anakuja Bukavu likizo ya Aprili, na kwamba safari hii hataki kushinda mtaani Nguba akinywa bia. Anataka kutembea katika hifadhi ya Kahuzi-Biega, Jumamosi na Jumapili, yeye na binamu zake na wawili watatu wa kwaya. Na kwa kuwa ni mtu wa busara anaongeza: yaya, tusipande kileleni, tubaki chini, chini hakuna hatari.

Huko aliko, ushauri huo ni mzuri. Mwezi wa Aprili theluji bado imelala juu ya milima ya Ulaya, kwa hiyo wenye akili hutembea mabondeni na kusubiri iyeyuke. Kivu haina majira hayo. Kwetu mvua huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na ifikapo Aprili udongo umekunywa miezi mingi hadi umeshiba. Tone linaloanguka juu ya mlima Kahuzi, mita 3,308, halikai huko juu. Linateremka. Anayechagua kubaki chini mwezi huo amechagua kusimama njiani mwa maji.

Wakenya wamelilipia funzo hili mara mbili, tena mahali palepale. Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni mojawapo ya hifadhi chache nchini humo ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia. Watu huenda kwa ajili ya korongo lake, Ol Njorowa. Hapo hakuna mlima wa kupanda, unashuka tu. Kuta za mwamba zimesuguliwa hadi zikawa laini, na kuna mahali zinakaribiana hata mnapita mmoja mmoja, mikono yote miwili ikigusa jiwe. Maji ya moto yanachuruzika ukutani. Sakafuni, siku nyingi, kuna kijito cha kulowesha soli za viatu, basi. Kila mtu hutoa simu apige picha zile kuta, na ni wachache wanaojiuliza ni nini kilichozilainisha.

Aprili 2012 kundi la vijana wa kanisa lilikuwa ndani ya korongo hilo wakati mvua inanyesha sehemu za juu. Maji yaliwafikia ghafla, na vijana 7 wakafa. Ikapita miaka 7. Tarehe 1 Septemba 2019, Jumapili, mafuriko ya namna ileile yaliwakuta wageni wengine humo humo na watu 7 wakafa tena, mmoja wao akiwa kiongozi wa watalii, mwenyeji wa pale. Yaani alikufa hata mtu aliyeijua njia. Na Septemba kule si masika! Baada ya hapo Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilifunga korongo.

Katika visa vyote viwili mvua iliyoua ilianzia mahali ambapo watembezi hawakuona. Mtu aliye ndani ya korongo haoni wingu lililo nyuma ya kilima. Juu yake anaona utepe wa anga tu, na utepe huo unaweza kuwa wa buluu.

Sisi wa Kivu hatuna haja ya kwenda Naivasha kutafuta ushahidi. Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi, katika eneo la Kalehe. Mvua kubwa ilipiga, mito ya mlimani ikafurika, ikashuka na matope na mawe juu ya Nyamukubi na Bushushu, ufukweni mwa Ziwa Kivu. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakupatikana kamwe. Serikali ilitangaza tarehe 8 Mei kuwa siku ya maombolezo ya kitaifa. Si haki kuwaweka marehemu hao kapu moja na watu wa matembezi: wao walikuwa kwao, nyumbani na sokoni, hawakuchagua kitu. Lakini milima ni ya ukoo mmoja, na Kalehe inapakana na hifadhi ya Kahuzi-Biega. Aliyezika mtu mwaka ule hahitaji kuelezwa kwamba mto wa kuvuka kwa kuruka mawe asubuhi unaweza kubeba nyumba jioni.

Kuna mtego mwingine kwenye ramani. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, ikiwa ni milima tu. Mwaka 1975 ilipanuliwa kuelekea magharibi hadi ikafika kilomita za mraba kama 6,000, na sehemu hizo mbili, ile ya milimani na ile ya chini ya magharibi, zinaunganishwa na ushoroba mwembamba wa msitu. Kwa hiyo mgeni akitafuta kwenye simu "sehemu ya chini ya hifadhi," anaweza kuonyeshwa misitu ya upande wa Shabunda na Walikale, ambako kwa miaka mingi waliojaa ni wachimbaji na watu wenye silaha. Huko si kwa kwaya. Mtu wa Bukavu akisema chini, huwa anamaanisha miguuni mwa Kahuzi: Tshivanga, kilomita kama 30 kutoka mjini ukishapita Miti, au Lwiro, penye majengo ya utafiti ya enzi za Wabelgiji na kituo kilichoanzishwa mwaka 2002 kulea sokwe na nyani walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi.

Hata huko, swali la kwanza si mvua. Hifadhi hii imo katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 1997, na Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Kavumu, kisha Bukavu. Nani yuko barabarani, je, kituo cha hifadhi kinapokea wageni? Maswali hayo huulizwa kwa wasimamizi wa hifadhi, ICCN wenyewe, wiki ileile ya safari. Jibu la mwezi uliopita halifai kitu.

Tuseme majibu yote ni mazuri na ndugu yenu ameshikilia Aprili yake. Basi ondokeni mjini alfajiri, kwa sababu mvua ya hapa hupenda mchana, na saa sita muwe mnarudi, si mnafungua sahani za bugali na sambaza. Vaeni buti za mpira. Udongo wa Miti ukilowa hushika mguu na kubaki na kiatu. Msile wala kupumzika kando ya kijito, hata kama pana kivuli kizuri. Maji yaliyokuwa maangavu yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, yakaanza kuleta majani na vijiti, msingoje kuyaona yakipanda. Tokeni bondeni kwa ubavu, mpande mteremko ulio karibu, mifuko iacheni. Msikimbie kufuata mkondo. Maji ya kasi yanayoishia nusu ya muundi yanatosha kumwangusha mtu mzima, na akishaanguka, ni mawe yanayommaliza. Na mwongoza njia akisema turudi, mnarudi. Pesa mliyochanga haimfanyi mgeni kuwa mkubwa wake.

Lakini jambo jepesi zaidi ni kuhamisha tarehe, na huu ndio ushauri wangu kwa anayeshika daftari la michango. Usikusanye dola hata moja ya Pasaka. Mwandikie ndugu leo, kabla hajanunua tiketi, aje Julai, kiangazi kikiwa kimekomaa na vijito vimepungua. Julai mtazunguka Tshivanga na Lwiro bila wasiwasi wa mafuriko, na mkiwa na pumzi, mnaweza hata kukipanda kile kilele alichokiogopa.