Maumivu Yasiyo na Shahidi

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, walisema wahenga, na hapana aliyewahi kuwakanusha. Maumivu ni ya mwenyewe. Hayakopeshwi wala hayaanikwi yakaonekana. Hata hivyo, mara nyingi huja na shahidi: jeraha hutoka damu, mfupa uliovunjika huonekana katika picha ya eksirei, homa hupimwa kwa kipimajoto. Swali la insha hii ni juu ya mtu ambaye maumivu yake hayana shahidi. Je, sisi tunawiwa nini naye? Na yeye akiombwa autoe mwili wake kwa utafiti ili maradhi yake yajulikane, anawiwa nini na wengine?

Yako maradhi ya namna hiyo, nayo huitwa fibromialjia. Mwenye nayo huumwa mwili mzima kwa miezi na miaka. Hulala akaamka amechoka kama aliyekesha. Hulitafuta neno alilotaka kulinena asilipate. Vipimo vya kawaida vya damu havionyeshi kitu, na viungo vyake havikuvimba. Mwaka 1990 matabibu wa Marekani waliweka kanuni ya kubonyeza sehemu 18 za mwili, na mtu aliyeumia katika 11 au zaidi, ikiwa maumivu yake yameenea na kudumu, alihesabiwa kuwa anayo. Mwaka 2010 walitoa kanuni nyingine, ambayo hutegemea zaidi maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Wataalamu wengi sasa huona kwamba kasoro kubwa haimo katika misuli, bali katika ubongo na neva, ambazo huupokea mguso mdogo na kuutangaza kama pigo. Dawa ya kuyaondoa kabisa haijapatikana. Mazoezi ya polepole, usingizi wa utaratibu na dawa chache hupunguza ukali wake kwa baadhi ya watu.

Tuseme mwanamke mmoja anakaa Mkuyuni, kando ya barabara itokayo mjini Mwanza kwenda Nyegezi, na riziki yake ni kuuza dagaa. Zamani alijitwika ndoo akapanda kilima chenye majabali bila kupumzika. Leo hata kufua nguo kwamliza. Vipimo vyamwambia hana ugonjwa. Nyumbani mume asema ni mvivu, wifi asema ana deko, na jirani anong'ona kwamba amerogwa. Katika hukumu hizo tatu hapana hata moja iliyotanguliwa na kumsikiliza. Ugonjwa umemnyang'anya nguvu, na watu wamemnyang'anya heshima ya kusadikiwa. La kwanza halina wa kulaumiwa. La pili linaye.

Atatokea mtu aseme: wavivu wapo, na waongo wapo. Ni kweli. Lakini tulinganishe makosa mawili. Tukimsadiki mwongo, tumepoteza kazi ya siku kadha. Tukimkadhibisha mkweli, twaweza kumpotezea ndoa, kazi na jina lake, na maumivu yabaki pale pale. Zaidi ya hayo, kumsadiki mtu si kumtii katika kila atakalo. Ni kuanza kwa kumsikiliza kabla ya kumhukumu. Hilo si hisani. Ni deni.

Sasa tuutazame utafiti. Mwanza si mgeni wa jambo hili. Taasisi ya Afrika ya Mashariki ya Utafiti wa Tiba ilikuwa na makao hapa, na baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda taasisi yake ya taifa mwaka 1979, ambayo ina kituo Mwanza. Tangu 1991 watu zaidi ya 12,000 wa jamii 12 za mkoa huu walishiriki utafiti wa kutibu magonjwa ya zinaa; mwaka 1995 ilitangazwa kwamba tiba hiyo ilipunguza maambukizo mapya ya Ukimwi kwa kiasi cha asilimia 40. Baadaye wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, kwa ridhaa ya wazazi wao, walishiriki jaribio la chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Matokeo yao ya 2022, pamoja na ya Kenya na kwingineko, yaliutia nguvu ushahidi kwamba dozi moja hutosha, na mwaka 2024 Tanzania iliifuata njia hiyo. Wasichana wasiohesabika watalindwa kwa sababu ya hao wachache.

Je, basi kila mgonjwa anawiwa kushiriki? La. Mithali husema mgonjwa haulizwi uji, na jikoni ni maneno mema, kwa kuwa uji umepikwa kwa ajili ya mgonjwa. Jaribio la dawa halikupikwa kwa ajili yake. Limepikwa kwa ajili ya elimu. Huenda kura ikampa dawa, huenda ikampa kidonge kitupu. Kwa hiyo huyu lazima aulizwe, aelezwe faida na hatari, na awe huru kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Ulimwengu ulijifunza hayo kwa uchungu, ikaandikwa Kanuni ya Nuremberg mwaka 1947 na Azimio la Helsinki mwaka 1964. Kumrudishia nauli ni haki. Kumuuzia tumaini la kupona ni hila, kwa maana aliyechoka kuumwa hukubali upesi kila aambiwalo.

Kumsadiki mgonjwa, basi, ni deni letu; kushiriki utafiti ni hiba yake. Na hiba hiyo hailetwi kabla ya deni kulipwa. Atafitiye fibromialjia hana mizani ya kuyapima maumivu. Humwomba mgonjwa ayataje kwa hesabu, tangu sifuri hadi kumi, kisha huyajenga maarifa yake juu ya jibu hilo. Yule aliyeitwa mwongo nyumbani ndiye aliyekuwa kipimo. Tukiisha kumfundisha kwamba neno lake halina thamani, atanyamaza, au atajibu lile adhanilo kuwa twalitaka, na elimu itapotoka pamoja naye. Jamii itakayo dawa ya maradhi haya na ianze mlangoni kwa jirani aumwaye, imuulize anaumwa wapi, na imngoje amalize kusema.