Ni Nani Aulizwaye na Mnyonge?

Tumeulizwa katika darsa: baina ya serikali na kampuni kubwa, ni ipi iwajibikayo zaidi kwa raia wa kawaida? Tutatoa mifano ya Bungoma na Kitale. Wala mtu wa pwani asidhani kuwa mambo ya bara hayamhusu. Sukari ya chai yake na unga wa sima yake vyatoka huko.

Twajibu, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu. Kampuni hutoa hesabu kwa wenye hisa, na mkulima wa miwa hana kiti katika mkutano wao. Ama serikali ina milango: kura, Bunge, mahakama, na kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010, kimpacho raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Kwa hivyo serikali ndiyo iliyo karibu zaidi na kuulizwa.

Lakini mlango usiobishwa ni sawa na ukuta. Kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoasisiwa 1975, kilikuwa cha serikali. Na juu ya hayo wakulima walidai malipo ya miwa yao miaka na miaka, hata 2025 kikakodishwa kwa kampuni ya watu binafsi. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilikuwa cha shirika, serikali pamoja na matajiri wa Bara Hindi. Kilifungwa 2009, kikauzwa 2016 kwa shilingi milioni 900. Na penye washirika, huyu humwashiria yule, na mwenye haki hubaki katikati.

Mwaka 2024 mbolea hafifu iliuzwa kupitia maghala ya Bodi ya Nafaka, ambayo wakulima wa mahindi wa Kitale huyategemea. Bunge lilipiga kura kumwondoa waziri, kamati ikaamua mashtaka hayakuthibiti. Mvua ya kupandia haikungoja kamati.

Imepokewa kuwa Sayyidna Umar, hali yu Khalifa, aliulizwa hadharani wapi alipata kitambaa cha nguo yake, naye hakukasirika. Mwanawe alisimama akabainisha kuwa alimpa fungu lake. Haki ilisimama kwa wawili: mwenye kujibu, na mwenye kuthubutu kuuliza.

Basi, ndugu zetu, tuulize kwa adabu na kwa ushahidi: risiti ya mizani itunzwe, ahadi iandikwe. Na anayeuliza atazame kwanza mizani ya duka lake, kwani Suratul-Mutaffifin haikumbagua mpunjaji mdogo na mkubwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutimiza amana. Amin.