Kaini hakujibu

Alhamisi iliyopita baraza la wazee lilikaa hadi jioni. Tukiwa tunakaribia kufunga, mzee mmoja akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa nini taarifa ya sadaka ya ujenzi haijasomwa tangu Pasaka. Nikatabasamu. "Hamna neno, mzee wangu, itasomwa." Tukasali, nikashika njia ya nyumbani. Ukungu ulikuwa umeshashuka kutoka Magamba, na njia nzima nilijiambia kwamba sikukasirika. Mchungaji akasirike kwa swali dogo kama lile?

Nyumbani mama watoto akauliza, "Baba, kikao kilikwendaje?"

"Vizuri."

Haikupita robo saa mtoto akamwaga chai kwenye kitambaa cha meza. Nilinguruma mpaka jirani akapunguza redio asikie vizuri.

Usiku ule nilifungua Mwanzo sura ya 4. Sura ile tunaikumbuka kwa ajili ya damu, lakini kabla ya damu kuna swali. Mungu anamwona Kaini uso umekunjamana, anamwuliza amekasirikia nini. Hamkemei kwa kuwa na hasira. Anauliza, kisha anamwonya kuwa dhambi inamvizia mlangoni. Sasa tafuta jibu la Kaini. Halipo. Anamwacha Mungu na swali lake, anageuka kusema na nduguye, na mara tunawakuta wako shambani. Nimeihubiri sura hiyo miaka mingi bila kuliona pengo lile, labda kwa sababu mimi mwenyewe ndimo ninamoishi.

Na si mimi peke yangu. Huku milimani tuna mfereji mmoja wa maji na mashamba ya bondeni yanayopakana. Nani atagombana Jumatatu na mtu atakayemwomba zamu ya maji Jumatano? Kwa hiyo tunasema "yamekwisha" kabla hata hayajaanza. Tunapeana salamu ndefu, za watoto, za ng'ombe, za mvua, huku kinyongo kimejikalia chini ya salamu. Kanisani tunakitia kifuniko kingine: Mkristo hanuni. Wagonjwa tunajua pa kuwapeleka. Kule Lutindi, upande wa Korogwe, wamisionari walifungua kituo mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu 1904 pamekuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Zaidi ya miaka 100 tunawahudumia walioelemewa. Lakini hasira ya mtu mzima mwenye akili zake timamu, anayelima na kutoa sadaka, hatujui tuipeleke wapi.

Mwili haudanganyiki. Mwaka 1993 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Gross na Robert Levenson, waliwaonyesha watu filamu za kutia kinyaa na kuwaagiza baadhi yao wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia kweli. Kinyaa chenyewe hakikupungua hata kidogo, mishipa ya damu ikajibana, vidole vikatoa jasho. Nilipolisoma hilo niliyakumbuka mabega yangu yalivyokakamaa njiani kutoka kikaoni.

Basi tupasuke, tuyatapike yote? Hata hilo limepimwa. Brad Bushman, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2002, aliwachukua wanafunzi waliokuwa wametukaniwa insha zao, akawaacha wapige mfuko wa mabondia wakimfikiria aliyewatukana. Walitoka na hasira zaidi kuliko wenzao waliokaa kimya bila kufanya lolote. Kitambaa changu cha meza kingeweza kumwambia hivyo bila gharama.

Njia ya tatu haiko mbali. Ukisimama Mtae siku ya anga safi, tambarare ya Mkomazi imelala chini yako, na ng'ambo yake ni Kenya, nchi ya Wataita. Mwanaanthropolojia Grace Harris alikaa kwao mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1978 akatoa kitabu juu ya ibada yao ya kutasa. Kwao, hasira iliyofichwa moyoni iliweza kuleta maradhi nyumbani hata kama mwenyewe hakumtakia mtu mabaya. Mambo yakiharibika, liliulizwa swali linalofanana na lile la Mungu kwa Kaini: nani amekasirika? Mwenye hasira alipiga funda la pombe ya miwa, akalipuliza nje, huku akitamka kwamba anaitoa hasira moyoni. Sisemi pombe ya miwa iletwe madhabahuni, Askofu asije akaniita. Ninachokionea wivu ni kwamba kwao mtu kusema "ndiyo, ni mimi" lilikuwa tendo la kuiponya nyumba.

Yona naye alilikwepa swali mara ya kwanza. Aliulizwa kama inamfaa kukasirika, akaenda kukaa nje ya mji kwenye kibanda. Mara ya pili, mmea uliompa kivuli umeshakauka, akajibu kwa ukali: inanifaa, hata kufa. Ni jibu baya, lakini ni jibu, na Mungu akapata pa kushikia mazungumzo.

Ijumaa nikajaribu, jikoni, mama watoto akisikiliza. Nimekasirikia nini? Jibu la kwanza: mzee yule hana heshima. Uongo. La pili: aliniumbua mbele za watu. Nusu ya kweli. La tatu lilichelewa kuja: taarifa sijaiandika, kwa kuwa hesabu ya mabati haikukaa sawa nikaona haya kumwomba mhazini anisaidie. Nilikuwa nimeikimbia aibu nikajificha kwenye hasira; kisha, kwa kuwa mchungaji hakasiriki, nikaikimbia na hasira yenyewe. Ukifukia mara mbili, huwezi tena kukumbuka ulichozika.

Jumamosi asubuhi nilimkuta mzee shambani kwake, akikata majani ya gwatemala kwenye kingo za makinga maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mchungaji."

Nikamwambia kwamba siku ile nilikasirika, nikamweleza na habari ya mabati. Hakuacha kukata.

"Nilijua," akasema. "Ulitabasamu mno."

Kisha akafunga mzigo wa majani, akanitwika, akasema tushuke, ng'ombe hawajala. Hesabu ya mabati nimsomee njiani.