KIBABA KIMOJA CHA MAJI



Imethibiti katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akikoga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Mudi ni robo ya pishi, yaani kibaba, kile kile tukijuacho katika kupima Zaka ya Fitri. Hakifiki lita moja.

Siku moja baada ya darasa tuliweka ndoo chini ya mfereji wa msikitini, na mmoja wetu akatawadha kama ada yake. Tulipopima tulikuta lita 9. Na huyo ni mtu wa kiasi! Wako ambao hufungua mfereji kwanza, kisha ndipo wakunje mikono ya kanzu, na wakaulizana habari za mjini, na maji yanakwenda zake.

Wazee wetu walitawadha birikani kwa kata. Mtu huteka, humimina, huiweka kata chini; mkono wenyewe humwambia alichotumia. Mfereji haumwambii mtu kitu.

Wengine hudai kuwa maji mengi ndiyo ukamilifu wa udhu. Hayo ni wasiwasi, wala si uchaji. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kuwa kuzidisha juu ya mara tatu ni makuruhu. Na maji yakiwa ni wakfu wa kujitahirishia, kuzidisha huko ni haramu. Basi maji ya misikiti yetu ni ya nani? Aliyeyatoa hakuyatoa yapite mtaroni.

Na tuzingatie yatokako. Kisiwa cha Mombasa hakina mto, na visima vyake vingi vina chumvi. Twanywa maji ya Mzima, huko Tsavo, yanayokuja kwa bomba lililomalizika mwaka 1957, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Na ya Marere, na ya Baricho katika mto Sabaki. Hata hivyo hayatoshi. Iko mitaa ambayo mifereji yake hukauka siku kadha wa kadha, na mjane wa huko hununua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni, naye hutawadha kwa hesabu. Jirani yake aliye na maji huosha baraza kwa mpira mpaka njia ikarowa. Jirani huyo ana haki gani mbele ya Mola wake?

Majumbani tuanze na mfereji unaovuja: kipande cha mpira ndani yake ni kitu cha thamani ndogo. Tukoge kwa ndoo na kopo. Maji yaliyooshewa mchele yamwagiwe mrehani na mwasumini.

Ama chakula, tusiwalaumu wanawake peke yao, kama ilivyo ada yetu sisi wanaume tukisema mambo ya jiko. Ni sisi tunaoamrisha masinia yaongezwe siku ya arusi ili tusisemwe, na ni sisi tunaotaka futari ya namna saba katika mwezi wa kujizuia. Mtume ametuamrisha tonge ikianguka tuiokote, tuiondoe uchafu, tuile. Nasi twatupa pilau ya sinia zima! Qurani imewaita wabadhirifu ndugu za mashetani, na hilo si jina dogo.

Mzee mmoja, baada ya kuiona ile ndoo, alituuliza kwa huzuni kama itampasa kuzilipa sala za miaka yote aliyotawadha kwa maji mengi. Tulimjibu kuwa udhu wake ulisihi na sala zake ni sahihi, hana la kulipa. Lililobaki ni kutubia ule ufujaji. Alasiri ya siku ya pili alikuja na kopo lake mwenyewe.