Uzito, Bahati na Haki ya Stadi

Kila mchezo ni ulimwengu mdogo wenye sheria zake. Katika michezo ya mapambano ichezwayo kwenye runinga, sheria ya kwanza ni uzito: jinsi mwili wa mpiganaji urukavyo, uangukavyo na urushwavyo upigwapo. Mchezaji haisomi sheria hii kitabuni. Hukaa katika vidole vyake. Basi mtengenezaji aigeuzapo, hugeuza pia elimu ambayo mtu mwingine aliichuma kwa miaka. Je, ana haki ya kufanya hivyo, na haki hiyo huishia wapi?

Mfano mwema umo katika michezo miwili ya Nintendo, kampuni ya Japani, iliyoongozwa na Masahiro Sakurai. Wa kwanza, Super Smash Bros. Melee, ulitoka mwaka 2001. Wapiganaji wake huanguka upesi, na aliyepigwa barabara hukosa la kufanya kwa kitambo, hata mpinzani akaweza kuongeza pigo juu ya pigo. Stadi waligundua pia kwamba mpiganaji arukaye, kisha akakwepa kwa mshazari kuelekea chini, huteleza sakafuni hali yu tayari kushambulia. Ujuzi huo ulikuwa mgumu kupatikana, na aliyeukosa alishindwa vibaya na aliyekuwa nao.

Mrithi wake, Super Smash Bros. Brawl, ulitoka mwaka 2008. Humo wapiganaji waliruka kama waeleao. Mtelezo ule uliondolewa. Aliyepigwa aliweza kujiopoa mapema, na mfululizo wa mapigo ukakatika. Zaidi ya hayo, mpiganaji alipoanza kukimbia, takriban mara 1 katika 100 alijikwaa akaanguka pasipo kosa lake. Sakurai aliona kwamba mchezo wa kwanza umekuwa mkali mno kwa wanagenzi, akataka mlango uwe mpana zaidi.

Kusudi hilo halistahili dharau. Stadi hakuununua ulimwengu kwa sababu alijifunza njia zake, na furaha iliyo milki ya wachache ni furaha bahili. Tena uzito mpya ni mpya kwa wote. Aeleaye leo ataelea vivyo hivyo kesho, na mwenye subira atamaizi. Mazoea yaliyopotea huuma, lakini uchungu wa mazoea si hoja ya haki.

Kujikwaa, hata hivyo, ni jambo la namna nyingine. Uzito ni sheria. Kujikwaa ni kura. Sheria humwambia mtu ajifunze. Kura humwambia kwamba kujifunza hakutamfaa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, yasema methali. Lakini methali hiyo humtaka mtu akubali kushindwa na mshindani, si na sakafu. Yamkini mtu atajibu kwamba karata nazo zina bahati. Ni kweli, lakini karata hugawiwa kwanza, kisha akili ikafanya kazi yake. Kujikwaa huja baada ya akili kukata shauri, kukaitangua kazi hiyo. Wala mwanagenzi hapati hifadhi, kwani kura haichagui: humwangusha naye, na siku imfaayo humpa ushindi asioweza kuuita wake.

Wachezaji walitoa hukumu yao kwa vitendo. Wengi waliushika mchezo wa 2001. Mwaka 2013, michango ya utafiti wa saratani ya matiti ilipotumiwa kuamua mchezo upi uongezwe katika mashindano ya Evo nchini Marekani, wapenzi wa Melee walichanga zaidi ya dola 94,000, wakashinda. Watengenezaji nao walijifunza. Katika michezo iliyofuata, ya mwaka 2014 na 2018, kujikwaa kwa bahati kuliondolewa. Uzito wa 2001 haukurudishwa.

Katika uamuzi huo mna mizani ya haki. Atungaye sheria ya mchezo aweza kuilegeza au kuikaza kwa ajili ya wageni, na wenyeji hawana budi kustahimili. Asichoweza kukifanya bila dhuluma ni kukata uzi ufungao tendo na matokeo yake. Mwanagenzi anauhitaji uzi huo kuliko stadi, maana ndio njia yake ya pekee ya kuwa stadi.